Nanocoll na vipimo vyake: uhakiki kutoka chumba cha dawa za mnururisho, Nairobi

Ndani ya kila kichupa cha Nanocoll mna nusu miligramu tu ya albumini ya damu ya binadamu, iliyogeuzwa kuwa chembe, pamoja na chumvi kidogo ya bati. Mtengenezaji anaahidi kwamba angalau 95% ya chembe hizo hazizidi nanomita 80 kwa upana. Tia teknetiamu-99m, ile elementi inayotoa mnururisho, subiri dakika 30, na tayari unayo dawa ya kutafutia tezi mlinzi, ile tezi ya limfu inayotangulia kupokea majimaji kutoka kwenye saratani ya titi au ya ngozi. Tumekihakiki kichupa chenyewe, lakini zaidi tumevihakiki vifaa vya kupimia ubora wake kabla mgonjwa hajachomwa, kwa sababu kichupa ni kizuri na kipimo ndicho kinachowaangusha watu.

Kichupa hiki hakihitaji moto. Hilo peke yake linakipandisha daraja katika mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Koloidi za salfa, yaani chembe ndogo za salfa zinazoelea majini, ambazo ndizo mshindani wake wa zamani, huagizwa zizamishwe kwenye maji yanayochemka, na aliyeandika maelekezo alikuwa akiwazia nyuzi 100. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ongeza moto upendavyo, sufuria haitavuka hapo. Utapata mvuke mwingi na mmenyuko ambao haukukamilika. Anayelazimika kutumia salfa atafute bloku kavu ya kupashia joto na aitie kipimajoto chake mwenyewe, asikubali mvuke kuwa ushahidi. Nanocoll inataka joto la chumba tu, nyuzi 15 hadi 25. Tatizo la hapa ni baridi: kichupa kinatoka kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, kinaingizwa kwenye mtungi wa madini ya risasi wa kukinga mnururisho, ambao nao umelala baridi usiku kucha, mwezi wa Julai, halafu dakika 30 zinaanza kuhesabiwa. Kitoe mapema, kiache mezani hadi kipoteze ubaridi, ndipo uanze.

Kiwango cha mnururisho kinachokubalika ni megabekereli (kipimo cha nguvu ya mnururisho) 185 hadi 5,550 katika mililita 1 hadi 5. Nafasi hiyo ni pana, na upana wake ni sifa: chumba chenye mgonjwa mmoja na chenye wagonjwa kumi hutumia kichupa kile kile. Ila chumvi ya bati ni kidogo, na ndiyo inayofanya kazi yote ya kuishusha teknetiamu kutoka hali yake ya perteknetati ili ishikamane na albumini. Bati likiisha, perteknetati inabaki huru ikielea. Na linaisha kwa njia mbili za kawaida.

Ya kwanza ni hewa. Kiputo kimoja cha hewa kutoka kwenye bomba la sindano kina oksijeni ya kutosha kuharibu sehemu ya bati. Kwa hiyo hakuna kuchomeka sindano ya pili ya kupumulia. Ukiingiza mililita 3 za maji ya jenereta (si ya umeme, bali chombo chenye molibdeni inayozaa teknetiamu-99m, ambayo hukamuliwa kwa maji ya chumvi), vuta mililita 3 za gesi kwa bomba lile lile kabla ya kutoa sindano. Msukumo ndani ya kichupa utakuwa sawa na hapatakuwa na kurusha matone. Ya pili ni jenereta iliyokaa bila kukamuliwa. Kadiri teknetiamu-99m inavyooza, yaani inavyopoteza mnururisho wake, ndani ya jenereta, inaacha teknetiamu-99, ambayo kwa kemia ni ile ile na inakula bati vile vile, lakini haiwaki kwenye kamera. Jenereta iliyosafiri kwa ndege hadi uwanja wa JKIA, ikasubiri karatasi, ikavuka wikendi, ina mzigo mkubwa wa hiyo teknetiamu mfu. Maji ya kwanza yapelekwe kupiga picha za tezi ya shingo, ambako perteknetati inatumika yenyewe bila bati. Kamua tena baada ya saa chache, na kwa nanokoloidi utumie maji mabichi ya jenereta iliyokamuliwa ndani ya saa 24 zilizopita.

Sasa tuje kwenye utepe. Kipimo cha kawaida ni kromatografia, yaani kutenganisha vitu kwa kimiminika kinachopanda kwenye utepe: karatasi ya Whatman namba 1 au utepe wa nyuzi za kioo wenye silika, ambao wengi wanaujua kwa jina la ITLC-SG, na methanoli ya 85% kama kimiminika cha kupandia. Chembe zinakaa pale pale zilipodondoshwa. Perteknetati huru inapanda. Kata utepe wa sentimita 10 kwa moja na nusu. Piga mstari wa penseli sentimita 1.5 kutoka chini, na penseli iwe penseli kweli, maana wino wa kalamu hupanda pamoja na methanoli na kukuchafulia njia. Kwenye chupa ndogo yenye kifuniko mimina methanoli isiyofikia mstari huo, kina cha nusu sentimita kinatosha, na uifunike dakika kumi kabla ili mvuke ujae. Methanoli huruka upesi, na chupa iliyoachwa wazi hubadilisha uwiano wake na maji bila mtu kujua.

Dondosha tone dogo, uuingize utepe papo hapo. Tone likiachwa likauke hewani, teknetiamu juu ya karatasi huanza kugeuka perteknetati, na utalaani dawa isiyo na hatia. Tone likiwa kubwa linatandaa hadi chini ya mstari, linazama kwenye methanoli, na nusu ya dawa inaogelea kwenye chupa badala ya kupanda. Kwa sindano nyembamba ya geji 25, gusa tu, usisukume. Utepe usiguse ukuta wa chupa. Kimiminika kikifika karibu na juu, toa, kausha, kata sentimita mbili na nusu juu ya mstari wa kuanzia. Kipande cha chini ni dawa, cha juu ni perteknetati. Asilimia ya usafi ni hesabu ya chini ukigawanya kwa jumla ya vyote viwili, na chini ya 95% dawa haitoki.

Tepe za silika hunyonya unyevu. Msimu wa mvua ndefu, pakiti iliyofunguliwa ikaachwa mezani inaanza kupandisha kimiminika polepole na kwa upande. Nusu saa ndani ya oveni ya nyuzi 110 inazirudisha. Karatasi ya Whatman ni ya bei nafuu zaidi na haina usumbufu huo, ila huchukua muda mrefu zaidi kupanda. Kwa nanokoloidi, ambayo lazima isubiri dakika 30 hata hivyo, sisi tungenunua karatasi.

Vyumba vingi huhesabu vile vipande viwili kwa kipima dozi kile kile kinachopimia mabomba ya wagonjwa, kwa kuwa kipo na kimewashwa. Chukua mfano wa dawa ya megabekereli 185 katika mililita 2. Mikrolita moja ya hiyo ina megabekereli 0.09 hivi. Tuseme 5% ni perteknetati: kipande cha juu kina 0.005. Kipima dozi ambacho tarakimu yake ya mwisho ni 0.01 kitaandika sifuri. Fomu inajazwa "100%", sahihi inawekwa, na hakuna kilichopimwa. Kila ukiona chumba kinachoandika 100% wiki baada ya wiki, usipongeze. Uliza kifaa chao kinaanzia kusoma wapi. Kanuni ya kufuata ni rahisi: kabla ya kuhesabu, piga hesabu ya 5% ya tone lako. Kama haifiki angalau mara kumi ya tarakimu ndogo kabisa ya kifaa, kifaa hicho hakifai kwa tone hilo.

Kaunta ya kisima, yenye kioo cha iodidi ya sodiamu, ina ugonjwa wa upande wa pili. Inaona hata vumbi, lakini ikipewa kingi inalemewa. Chukua mikrolita moja ya dawa kali, megabekereli 5,550 katika mililita 5: hiyo ni megabekereli 1.1 kwenye utepe. Usafi wa kweli uwe 96%. Kipande cha chini kilipaswa kutoa hesabu kama 850,000 kwa sekunde na cha juu 35,000. Kaunta inayokwama kwenye 200,000 itasoma cha juu karibu sawasawa na kukiminya cha chini, na jibu linakuwa 85%. Dawa nzuri inamwagwa, mgonjwa aliyekwisha kufunga tangu usiku anarudishwa nyumbani, na siku inayofuata analaumiwa mtengenezaji. Dawa ya tatizo hili ni umbali: weka kila kipande nje ya kisima, kwenye kishikio kile kile, umbali ule ule, hadi usomaji wa kipande kikali ushuke chini ya kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Usibadilishe umbali kati ya kipande na kipande. Njia nyingine ni kuvitunza vipande na kuvirudia asubuhi. Baada ya saa 24 vyote viwili vimeshuka hadi moja ya kumi na sita na uwiano wao haujabadilika. Hilo halisaidii kuidhinisha dawa ya leo, lakini linakuonyesha kama kipimo cha jana kilikuwa na akili.

Kwa hiyo: kwa dawa kali, kipima dozi, mradi tone litimize ile kanuni ya mara kumi; kwa dawa hafifu, kaunta ya kisima. Chumba chenye kifaa kimoja tu kirekebishe ukubwa wa tone.

Tukiwa hapo, kuna hofu inayozunguka kwamba mwinuko wa Nairobi unaharibu usomaji wa kipima dozi. Hauharibu. Chemba yake imefungwa na ina gesi ya shinikizo lake yenyewe. Kinachoathirika ni vile vipima mnururisho vya mkononi vyenye chemba iliyo wazi kwa hewa: hewa ya hapa ni nyepesi, na bila kusahihishwa vinasoma pungufu kwa takriban moja ya tano. Anayepima kuta na meza kwa kifaa hicho ajue, hasa ripoti inapokwenda kwa KNRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia mambo ya nyuklia.

Skana ya tepe, ile mashine inayotembeza kigunduzi juu ya utepe na kuchora vilima, ni nzuri kuitazama. Faida yake ya kweli ni kuonyesha mkia. Perteknetati ikiburuzwa katikati badala ya kupanda yote, mkasi hauoni, mchoro unaona. Skana ikikuonyesha mkia kila mara, basi methanoli yako imeharibika au tone ni kubwa. Mbali na hapo, kwa dawa moja yenye uchafu mmoja unaotafutwa, skana ni gharama isiyo na kazi. Na zile zinazotumia gesi ya agoni na methani zinakufunga kwa muuza gesi. Nunua kama mna mpango wa dawa zenye sehemu tatu au nne za kutenganisha. Kwa nanokoloidi pekee, mkasi unatosha.

Kasoro kubwa kuliko zote haimo kwenye kichupa wala kwenye kaunta. Imo kwenye utepe wenyewe: unajibu swali moja tu, kama kuna perteknetati huru. Chembe ya nanomita 50 inabaki chini. Donge la nanomita 800 linabaki chini vilevile. Teknetiamu iliyoshushwa na bati lakini haikushika albumini, ikajifanyia koloidi yake, nayo inabaki chini. Utepe unaandika 98% kwa zote. Lakini donge kubwa haliingii kwenye mishipa ya limfu. Linakaa palipochomwa sindano, daktari wa upasuaji anazungusha kifaa chake cha kusikilizia mnururisho kwapani na hasikii kitu. Dawa imefaulu mtihani na imefeli kazi.

Hapo ndipo tunapendekeza kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika uhakiki huu: chujio la bomba la sindano lenye matundu ya mikromita 0.1, yaani nanomita 100. Vuta mililita 0.2 ya dawa, ongeza maji ya chumvi ya 0.9% hadi mililita 1, pitisha kwenye chujio polepole ndani ya kichupa kitupu, kisha suuza kwa mililita 1 nyingine ya maji ya chumvi na umalize kwa hewa. Pima kilichopita, pima chujio. Kilichopita ukigawanya kwa jumla ya viwili hivyo ndiyo sehemu iliyo ndogo kuliko tundu. Mabaki ya kwenye bomba na sindano yaandike pembeni, usiyaingize. Kwa kichupa kinachoahidi nanomita 80, karibu yote ipite.

Kipimo hiki nacho kina mitego. Chujio la nailoni hushika protini, na albumini ni protini, hivyo utaona "madonge" ambayo ni chembe nzuri zilizogandia kwenye utando. Chagua utando wa plastiki ya PVDF isiyoshika protini au wa polikaboneti. Kwa kila pakiti mpya ya machujio, pitisha kwanza perteknetati tupu. Ikibaki zaidi ya asilimia moja au mbili, pakiti hiyo ina tatizo. Usitumie bomba la mililita 1 kusukumia, kwa sababu bomba jembamba linazalisha shinikizo kubwa kwa nguvu ndogo ya kidole na utando unapasuka. Utando uliopasuka unapitisha kila kitu na kukupa jibu tamu kuliko yote. Tumia la mililita 5. Ukimaliza, lowesha chujio, sukuma hewa: utando mzima unakataa hewa, uliopasuka unatoa povu mara moja. Na kilichopita kwenye chujio la jaribio hakirudi kwa mgonjwa.

Kipimo cha chujio si cha kila kichupa. Kifanye kwa kila namba mpya ya bechi, baada ya friji kupoteza umeme, na kila jenereta inapobadilishwa. Hiyo ya mwisho ni kwa ajili ya aluminiamu: safu ya jenereta imejengwa kwa oksidi ya aluminiamu, na ikimeguka na kuingia kwenye maji, koloidi huganda. Karatasi za rangi za kupimia aluminiamu ni rahisi: tone la maji ya jenereta kando ya tone la kielelezo cha mikrogramu 10 kwa mililita, na rangi ya lako isiizidi ya kielelezo.

Wenye rafiki katika idara ya kemia watasema wapelekewe sampuli ambayo mnururisho wake umekwisha kuoza, iwekwe kwenye mashine ya kupima chembe kwa mwanga. Ni kipimo kizuri, ila kisomwe kwa uangalifu. Mwanga unaotawanywa na chembe hukua kwa upana wake uliopandishwa mara sita: chembe pana mara kumi hung'aa mara milioni. Vumbi chache la maabara litafunika chembe zako zote, na ripoti itasema dawa ni mbovu. Omba mchoro wa idadi pamoja na ule wa mwanga, na sampuli ipelekwe kwenye chupa iliyosuuzwa kwa maji yaliyochujwa.

Molibdeni kwenye maji ya jenereta ipimwe kila ukamuaji, isizidi kilobekereli 0.15 kwa kila megabekereli ya teknetiamu wakati wa kumchoma mgonjwa, na si wakati wa kukamua tu. Teknetiamu inaoza haraka, molibdeni polepole, kwa hiyo uwiano unaongezeka maradufu kila saa sita na nusu hivi. Sumu ya bakteria, pale inapopimwa, ina kikomo cha vizio 175 kwa dozi nzima. Jibu la kuotesha vijidudu huja baada ya siku 14, wakati dawa imekwisha kuoza. Ni kipimo cha mikono ya mtayarishaji.

Kamera ya gama pia ni mkaguzi, japo anachelewa. Tezi ya shingo na tumbo vikionekana kwenye picha, kuna perteknetati huru. Doa kali pa sindano na kwapa tupu baada ya saa kadhaa ni dalili ya madonge, ingawa tezi iliyojaa saratani nayo inaweza kuzuia njia, hivyo rudi kwenye kumbukumbu ya chujio kabla ya kuhukumu.

Karatasi ya maelezo iliyo ndani ya pakiti imeandikwa vizuri, lakini kuna jambo ambalo wauguzi huachiwa walitatue wenyewe: hii ni sehemu ya damu ya binadamu. Namba ya bechi iingie kwenye faili la kila mgonjwa. Wagonjwa walio Mashahidi wa Yehova waelezwe mapema, si mlangoni mwa chumba cha sindano, kwa kuwa wengine hukubali vipande vya damu kama albumini na wengine hukataa.

Kichupa chenyewe tunakipa nyota nne na nusu; hiyo nusu tumeinyima kwa sababu maelekezo yanamwachia mnunuzi aamini ukubwa wa chembe bila kumpa njia ya kuujua. Pakiti ina vichupa vitano, na kila kimoja ni cha siku moja, hivyo anayepiga mgonjwa mmoja leo na mmoja kesho anatupa pesa. Wakusanye siku moja. Kama jenereta yenu hufika mwisho wa wiki, siku hiyo ya wagonjwa iwe Jumanne au Jumatano, baada ya ukamuaji wa Jumatatu kwenda kwa wagonjwa wa tezi ya shingo, na daktari wa upasuaji apangiwe chumba siku hiyo hiyo alasiri au kesho yake asubuhi.